Vitwitwi wa Igombe na Adabu ya Kushuka Chini

  

Katika toleo hili la jarida letu, sisi wanafunzi wa darasa la juu tumetakiwa tueleze kazi tuliyoifanya wakati wa likizo ya Desemba. Kazi yenyewe ilikuwa ni kupiga picha za ndege wadogo wanaotembea ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Wapo wazazi waliotuuliza, na huenda wengine bado wanajiuliza, wanafunzi wa madrasa wana habari gani na ndege wa mchangani? Swali hilo ni la haki. Tunaomba tulijibu kwa kusimulia jambo lenyewe tangu lilipoanza.

Chanzo kilikuwa darasa la tafsiri. Tulikuwa tumefika Suratul Mulk, aya ya 19, ambayo inawahimiza watu wawatazame ndege walio juu yao, jinsi wanavyozikunjua na kuzikunja mbawa zao kwa uwezo wa Mwingi wa Rehema. Ustadh akatuuliza swali jepesi: "Nyie mmezaliwa hapa Mwanza. Nitajieni ndege wa ziwa hili." Tukataja korongo wa jalalani, yangeyange, mnandi, kwarara, mdiria na tai anayevua samaki. Tukaishia hapo. Akauliza tena, "Na wale wadogo wanaokimbia mchangani pale mnapochezea mpira?" Tukanyamaza. Kila mmoja wetu amewaona tangu utotoni, lakini hakuna aliyeweza kusema miguu yao ina rangi gani, wala wanakula nini. Ustadh akasema, "Basi aya hii bado hamjaifanyia kazi." Ndipo tulipopewa kazi ya likizo.

Ndege hawa kwa Kiswahili huitwa vitwitwi, na jina hilo ndilo tutakalolitumia hapa. Wapo wa aina nyingi. Wengine ni wenyeji, wanaishi kwetu mwaka mzima na kuzaa hapa hapa. Wengine ni wageni. Yupo mmoja wa rangi ya kahawia mgongoni na nyeupe tumboni ambaye hatulii hata kidogo. Mkia wake hupanda na kushuka muda wote, kama mtu anayeitikia kila neno analoambiwa. Huyo huzaliana Ulaya na kaskazini ya Asia, kisha huanza kutufikia kwenye mwezi wa Julai na Agosti, na hurudi kwao Aprili au Mei. Yupo mwingine mdogo zaidi, mwenye uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi, yaani kama nusu ya yai la kuku. Naye huzaliwa mbali kabisa kaskazini, kwenye nchi za baridi kali za Urusi na kaskazini ya Norwei. Kiumbe wa uzito huo anavuka nchi na nchi, akapita majangwa na milima, mpaka akafika kuokota vijidudu kwenye tope la ziwa letu, lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kisha anarudi. Na sisi tulikuwa tunampita kila jioni bila kumtazama.

Kamera tuliazimwa na mjomba wa mwenzetu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi. Alitupa kamera moja na lenzi ndefu ya milimita 300, akatuwekea masharti mawili. La kwanza, isilowe. La pili, irudi baada ya siku nne, kwa sababu Jumamosi alikuwa na harusi. Kabla hatujaondoka alitufundisha jambo moja, akasema kwamba ukitaka kumpiga picha mtoto mdogo unapiga magoti, na ukitaka kumpiga kitwitwi unalala chini kabisa.

Sababu zake ni mbili, na zote tulizithibitisha wenyewe. Mtu akipiga picha akiwa amesimama, lenzi inamtazama ndege kutokea juu. Nyuma ya ndege unaonekana mchanga tu, na kitwitwi ameumbwa na rangi ya mchanga ili asionekane. Picha inakuwa ya mgongo, haina jicho wala mguu. Lakini lenzi ikishushwa hadi ikawa shubiri moja tu kutoka ardhini, sawasawa na jicho la ndege, kilicho nyuma yake kinakuwa ni maji ya mbali au ng'ambo ya pili. Lenzi hulifanya eneo hilo la mbali kuwa kama ukungu, na ndege anabaki peke yake, unamwona jicho, mdomo, kucha, hata tone la maji kwenye unyoya. Sababu ya pili ni hofu ya ndege mwenyewe. Mtu aliyesimama ni mrefu kama mti unaotembea, na kitwitwi humkimbia angali mbali. Mtu aliye chini, asiye na haraka, humwacha ndege aendelee kula.

Ustadh alitukumbusha kwamba elimu hii ya mwanga na jicho haikuanzia kwa watengenezaji wa kamera. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, aliandika Kitabul Manadhir. Humo alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia machoni. Kabla yake walikuwapo wakubwa wa Kiyunani waliodhani kwamba jicho ndilo linalotoa miali. Alifanya pia majaribio ya mwanga unaopita kwenye tundu dogo na kuingia katika chumba cha giza. Kamera zetu zote ni vyumba vya giza vya namna hiyo, na neno kamera lenyewe linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba.

Tulisimuliwa pia habari za ndugu wawili wa Kiingereza, Richard na Cherry Kearton, waliokuwa wakipiga picha za ndege zaidi ya miaka 100 iliyopita. Walitengeneza ng'ombe wa ngozi aliye wazi ndani, mpiga picha akajificha tumboni mwake ili ndege wasimwogope. Cherry baadaye alikuja hata huku Afrika Mashariki kupiga picha za wanyama. Tulicheka sana. Mmoja wetu akasema ng'ombe kama huyo akiletwa Igombe, vijana wangemswaga zizini pamoja na mpiga picha wake.

Kabla ya kwenda, mwenzetu mmoja alileta hoja ya dini. Alisema, je, si imepokewa hadithi inayochukiza kulala kifudifudi? Ustadh alifurahi kusikia swali hilo. Akatujibu kwamba hadithi hiyo ipo, na Imam Nawawi ameiweka katika Riyadhus Swalihin kwenye mlango wa adabu za kulala. Makusudio yake ni namna mtu anavyojinyoosha kwa ajili ya usingizi na mapumziko. Anayejilaza kwa dakika chache kwa ajili ya kazi, kama fundi anayeingia chini ya gari, hayumo katika hilo. Hata hivyo akatuusia tusilale hapo tukapitiwa na usingizi, tukajikuta tumeingia mlangoni kabisa.

Tatizo kubwa lilikuwa jingine, nalo ni la ziwa letu. Wapiga picha wa baharini hujilaza kwenye mchanga wenye maji bila wasiwasi. Kwetu haifai, kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi ya mtu ndani ya dakika chache tu akiwa majini, na watafiti wa taasisi ya NIMR hapa Mwanza wameushughulikia ugonjwa huu kwa miaka mingi. Shuleni tumemeza dawa zake, nasi tunamfahamu zaidi ya mmoja aliyeugua. Mzazi mmoja alimpigia simu Ustadh na kusema waziwazi kwamba hatamruhusu mwanawe alale ukingoni mwa ziwa akarudi na maradhi kwa ajili ya picha ya ndege. Alikuwa na haki. Mwili ni amana.

Ufumbuzi tuliupata katika kile kile kinachoupa mji wetu sifa, yaani mawe. Ufuo wa Mwanza umejaa miamba, na baadhi yake ni bapa, imeshuka hadi karibu na maji lakini juu ni mikavu. Tukakubaliana masharti. Tutalala juu ya mwamba mkavu au mchanga mkavu tu, tukiwa tumetandika turubai. Hakuna atakayekanyaga maji. Sehemu yenye matete hatutaikaribia, na tutawauliza wavuvi kwanza kama mamba au kiboko ameonekana. Mzazi yule alipoyasikia masharti alimruhusu mwanawe, na siku ya pili alikuja mwenyewe kuhakikisha.

Tukaanza. Tulikuwa tukiswali Alfajiri, kisha tunapanda daladala hadi Igombe, mwalo ulio nje kidogo ya mji, ng'ambo ya uwanja wa ndege. Hatukuanza na kamera. Tulianza kwa kuwaona viongozi wa BMU na kuomba ruhusa, kwa kuwa mwaloni ni mahali pa kazi za watu, na si kila mtu hupenda kuelekezewa kamera. Tuliahidi kwamba hatutampiga mtu picha. Kisha tukawaamkia akina mama wanaoanika dagaa. Mama mmoja mtu mzima alituitikia "mwangaluka" kwa furaha, akatuuliza tunatafuta nini. Tulipomwambia tumekuja kulala chini ili tupige picha za ndege, aliwaita wenzake waje wasikie.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Anayepiga picha ni mmoja tu, wengine tunakaa mbali tumetulia. Jua liwe mgongoni mwa mpiga picha. Saa nzuri ni kuanzia jua linapochomoza, kama saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, maana baada ya hapo mwanga unakuwa mkali na joto la mchanga linaitetemesha picha. Lenzi tuliilaza juu ya kifuko tulichokishona kwa mguu wa suruali kuukuu, tukakijaza maharage. Mpiga picha anajongea kwa viwiko, hatua moja, kisha anasubiri. Ndege akiacha kula na kuinua shingo, hiyo ni alama ya kusimama. Akirudi kula, unajongea tena. Jambo lililotushangaza ni kwamba anayekaa kimya muda mrefu hahitaji kujongea, kwa sababu ndege huja wenyewe. Mwenzetu mmoja ambaye nyumbani hasifiki kwa utulivu alilala dakika 40, na yule kitwitwi wa kutikisa mkia akamkaribia hadi lenzi ikashindwa kumwona vizuri kwa ukaribu.

Siku ya nne ndiyo iliyotupa mtihani. Ilikuwa Ijumaa, na kamera ilitakiwa irudi kabla ya Magharibi. Tulikuwa na picha za wageni, lakini hatukuwa na hata moja ya kitwitwi mwenyeji akiwa na mayai au vifaranga, na hiyo ndiyo tuliyoitamani kuliko zote. Asubuhi hiyo, kwenye mchanga mkavu juu ya mahali panapoanikwa dagaa, tulimwona kitwitwi mdogo mwenye mstari mweusi unaopita jichoni na kifua cha rangi ya machungwa hafifu. Alikuwa amekaa chini. Alipotuona alisimama, akapiga mchanga haraka haraka kwa miguu, kisha akakimbia. Mbele kidogo akaanza kuburuta bawa moja kana kwamba limevunjika.

Tulikuwa tumeshasoma habari zake. Ndege huyu hutaga mayai mawili mchangani, katika kishimo kisicho na majani. Adui akija huyafukia kwa mchanga kabla ya kuondoka. Lile bawa la kuburuta ni hila ya kumvuta adui amfuate yeye na kuyaacha mayai. Basi tulijua kwamba chini ya mchanga ule, hatua chache mbele yetu, kuna mayai mawili.

Mmoja wetu akasema, "Tufukue kidogo tu, tupige picha moja, tufunike." Hakuna aliyemjibu mara moja, kwa kuwa wote tulikuwa tunataka hivyo hivyo. Kamera inaondoka leo. Kunguru wawili walikuwa wametua juu ya mtumbwi wakitutazama, na jua lilikuwa linapanda. Yai lililofunuliwa juani halichukui muda mrefu kuharibika, na kunguru akishaona mahali mtu alipochimba hahitaji kuonyeshwa tena.

Aliyevunja ukimya alikuwa mdogo wetu kuliko wote. Alitukumbusha hadithi tuliyosomeshwa, iliyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.). Masahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa kwa huzuni. Mtume (S.A.W.) alipoona aliuliza ni nani aliyemuumiza ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Mwenzetu akasema, "Na huyu hapa anaburuta bawa mbele yetu." Hapakuwa na la kuongeza. Tukarudi nyuma taratibu.

Yule mama wa dagaa alikuwa akituangalia muda wote. Tulipomfikia alisema, "Wanangu, nilikuwa nangoja nione mtafanya nini. Huyo ndege sisi tunamjua. Akitaga, tunaweka mawe ili watu wasimkanyage." Tukageuka kutazama. Kweli, kukizunguka kile kishimo palikuwa na mawe matatu yamepangwa, nasi tulidhani ni mawe ya kawaida tu. Akatueleza kwamba nyavu anazoanikia dagaa alikwishazisogeza pembeni tangu wiki iliyopita, na mahali pale hapiti mtu mpaka vifaranga watoke, kwani wakishaanguliwa hawakawii kukimbia. Mama huyo hakuhitaji lenzi ya milimita 300. Alikuwa ameinama juu ya mchanga ule miaka yote akigeuza dagaa, na macho yake yalikuwa chini siku zote.

Tulilala juu ya mwamba bapa ulio mbali, kama hatua 20. Baada ya nusu saa kitwitwi akarudi, akasimama kidogo, kisha akakaa juu ya mayai yake. Tukapiga picha tatu, tukaondoka kuiwahi Ijumaa. Katika picha hizo ndege ni mdogo sana, na mtu asiyeelekezwa huona mawe matatu kwanza. Mayai hayaonekani. Mjomba alipozitazama alisema kwa ufundi wa picha si nzuri. Tulipomweleza habari yake alituomba nakala moja.

Limebaki suala la picha zenyewe. Baadhi ya wazazi walituuliza kuhusu hukumu ya kupiga picha viumbe wenye roho. Ustadh alilieleza hili mbele ya mkutano wa wazazi. Wanazuoni wametofautiana. Wapo walioziingiza picha za kamera katika makatazo ya kutengeneza sura, na hoja zao ni nzito. Wapo walioruhusu, miongoni mwao Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye aliandika risala akieleza kwamba kamera huzuia kivuli kilichopo wala haiumbi sura mpya. Kamati ikachukua njia ya kuondoa mvutano. Picha zetu hazitundikwi ukutani, bali zimewekwa katika albamu ya kufundishia inayokaa kabatini. Ndiyo maana makala hii, ndugu msomaji, imekufikia bila picha hata moja, nasi tumejitahidi kukuonyesha kwa maneno.

Kwa wadogo zetu watakaopenda kuifuata kazi hii, tunawausia yafuatayo. Huhitaji kamera. Keti ufukweni mahali pakavu, mbali na maji, ukiwa na mkubwa wako, ukatulie kwa robo saa. Usimrushie ndege jiwe. Ukimwona anaburuta bawa, usimkimbilie. Rudi ulikotoka, ukiangalia unapokanyaga. Na ukiona mawe yamepangwa mchangani, uliza kwanza ni ya nini kabla hujayapiga teke.

  Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliotusaidia, atujaalie macho yenye kuzingatia, na atufanye wenye huruma kwa viumbe Vyake, wakubwa na wadogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.